Kutoka Milwaukee hadi Darasani Kwetu: Jinsi Vijana Walivyoanza Kufundishwa Ulinzi wa Kompyuta



Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia, nadhani alitegemea niandike habari za ujenzi wa bwalo, au za timu yetu ya mpira ya mwaka 1998, ambayo kila tunapokutana magoli yake huongezeka. Hayo nawaachia wengine. Mimi nataka kuandika juu ya jambo nililolikuta mlangoni pa ofisi ya Mwalimu Mkuu, siku ya mkutano wetu wa mwaka jana.

Nje ya mlango ule alisimama kijana wa kidato cha tatu, tranka lake likiwa miguuni, akisubiri barua ya kurudi nyumbani kwa wiki tatu. Kosa lake lilikuwa hili: aliingia katika kompyuta ya ofisi na kutazama alama za mtihani wa muhula wa darasa lake. Hakubadilisha alama hata moja. Tena aliyetoa habari ni yeye mwenyewe, maana alikwenda kwa mwalimu wa taaluma kumwambia kuwa neno la siri la mashine ile ni jepesi mno. Na kweli lilikuwa jepesi. Lilikuwa jina la shule likifuatiwa na mwaka ilipofunguliwa, yaani maandishi yale yale yaliyopakwa rangi ya mafuta kwenye kibao cha getini.

Sisemi kwamba hakukosa. Alikosa, na chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila ruhusa ni kosa hata kama hukuharibu kitu. Mimi ni mtumishi wa Serikali na siwezi kuwafundisha vijana kudharau sheria. Lakini nilipokuwa nikirudi Dodoma ndani ya basi, nilimkumbuka mwalimu wangu mmoja wa hisabati, ambaye sasa ni marehemu, na jambo alilotufanyia mwaka 1997.

Tulikuwa kidato cha pili. Wanne kati yetu tulibuni maandishi ya siri: kila herufi tuliipa alama yake, nyingine duara, nyingine msalaba, nyingine mkia wa panya. Kwa maandishi hayo tukawa tunapelekeana vikaratasi wakati wa prepu, na kwa siku kadhaa hakuna kiranja aliyeambulia kitu. Usiku mmoja mwalimu huyo alikuwa wa zamu, akakinasa kikaratasi. Hakusema neno. Alikaa mezani mbele ya darasa, akachukua penseli. Kabla kengele ya kulala haijalia, alisimama akaandika ubaoni, kwa Kiswahili safi, mpango wetu wote wa kutoroka kwenda mnadani Jumamosi, pamoja na majina yetu manne.

Adhabu tuliipata, tukang'oa visiki vitatu nyuma ya jiko. Lakini Jumamosi ile ile jioni alituita akatuonyesha alivyofanya. Alihesabu alama. Moja ilijitokeza kupita nyingine zote, akakisia kuwa ni A, kwa sababu katika Kiswahili hakuna herufi inayotumika kama A. Kisha akatazama mwisho wa kila neno, kwani maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na sisi kwa ujinga wetu tulikuwa tumeacha nafasi kati ya neno na neno. Alipokwisha kuzijua irabu tano, kazi iliyobaki ilikuwa kama kujaza fumbo la gazetini. Alitueleza kuwa njia hiyo iliandikwa na al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad, katika karne ya 9. Sisi tulidhani tumevumbua siri, kumbe ufunguo wake ulikuwa na miaka zaidi ya 1,000.

Hivyo nilijifunza somo langu la kwanza la ulinzi wa habari katika shule isiyokuwa na kompyuta ya mwanafunzi hata moja. Lakini nilijifunza kwa bahati. Laiti angekuwa wa zamu mwalimu mwingine, ningebakia na visiki peke yake.

Sasa nirudi kwenye historia niliyoahidi. Ulinzi wa kompyuta, tangu mwanzo wake, ulikuwa elimu ya wachache. Kompyuta zenyewe zilikuwa za majeshi, mabenki na vyuo vikubwa, na aliyetaka kujifunza kuzilinda ilibidi kwanza afike mahali zilipo. Chuo cha MIT huko Marekani kilianza kutumia maneno ya siri mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili watu wengi waweze kutumia mashine moja kwa zamu bila kuingiliana. Mwaka 1962 mwanafunzi wa hapo, Allan Scherr, alikuwa hatosheki na saa alizopangiwa. Akaiagiza mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, akalichukua, akaendelea na kazi zake kwa saa za wenziwe. Jambo hilo alikuja kulikiri miaka mingi baadaye, akiwa mtaalamu mwenye heshima. Wasomaji watanisamehe nikisema kuwa kati yake na kijana wetu wa tranka sioni tofauti kubwa ya tendo. Tofauti ni mahali walipozaliwa.

Miaka 21 baadaye, mwaka 1983, jambo lilifumuka hadharani. Katika mji wa Milwaukee kulikuwa na vijana waliojiita 414, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya simu ya eneo lao. Kadhaa wao walifahamiana katika kikundi cha vijana kilichodhaminiwa na kampuni ya IBM, ambako walifundishwa kutumia kompyuta. Kutoka majumbani mwao, kwa simu za kawaida, waliingia katika mashine za taasisi nyingi, zikiwamo maabara ya Los Alamos, mahali lilipoundwa bomu la atomiki, na hospitali ya kansa ya Sloan-Kettering mjini New York. Hawakuwa na ufundi wa ajabu. Mashine nyingi zilikuwa bado na maneno ya siri ya kiwandani, yale yaliyokuja nazo, na hakuna aliyejishughulisha kuyabadilisha. Pale hospitalini walifuta kumbukumbu za matumizi ili kuficha nyayo zao, na hilo lilikuwa baya.

Polisi wa upelelezi wa Marekani walipowafikia, ilionekana kuwa sheria ya kuwashtaki haipo sawasawa. Baadhi yao waliishia kukiri kosa la kusumbua watu kwa simu! Mmoja wao, Neal Patrick, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge mwezi Septemba 1983 kueleza yaliyotokea. Mwaka huo huo sinema ya WarGames, ya kijana anayeingia katika kompyuta ya vita, ilikuwa imekwisha kuwatia watu hofu. Bunge likatunga sheria mwaka 1984, likaipanua mwaka 1986.

Hapa nawaomba vijana watazame tarehe kwa makini. Sheria ya kuwaadhibu ilipatikana ndani ya miaka mitatu. Masomo ya kuwaelekeza yalichukua robo karne.

Aliyehukumiwa kwanza kwa shauri la jinai mahakamani chini ya sheria ile ya 1986 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris. Tarehe 2 Novemba 1988 aliachia programu iliyojizaa yenyewe ikasimamisha maelfu ya kompyuta. Hakufungwa, alipewa uangalizi wa miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii, na faini. Baba yake alikuwa mwanasayansi wa usalama wa kompyuta katika idara ya Serikali. Kijana huyo leo anafahamika kuwa profesa wa MIT. Sina kinyongo naye, na ninafurahi kuwa alipata njia ya kurudi. Najiuliza tu, mtoto wa mkulima wa mtama anayekosea kwa udadisi ule ule, njia yake ya kurudi iko wapi?

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2009 chama cha wapenzi wa jeshi la anga la Marekani kilianzisha shindano la CyberPatriot kwa wanafunzi wa sekondari. Timu hupewa mfano wa kompyuta uliopandwa kasoro makusudi: maneno ya siri mabovu, watumiaji wasiojulikana, milango iliyoachwa wazi. Kazi yao ni kuzitafuta na kuziziba. Lilianza na timu chache za vijana wa mafunzo ya kijeshi huko Florida, kisha likafunguliwa kwa shule zote. Lakini waandaaji waligundua upesi kuwa kufungua mlango si sawa na kuingia watu. Shindano lilikuwa na ada, na ilibidi waiondoe kwa timu za wasichana na kwa shule za maeneo ya kimaskini. Hata ada ilipoondolewa, ilibaki haja ya kompyuta zenye nguvu za kutosha, na mafaili mazito ya kupakua. Shule yenye mashine za kizamani ilikwama hapo hapo. Kumbe hata katika nchi ile tajiri wapo wanafunzi wanaotazama dirishani.

Ndiyo maana mimi naipa uzito zaidi hatua ya mwaka 2013. Mwaka huo wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, chini ya Profesa David Brumley, walianzisha mchezo wa picoCTF. Herufi tatu za mwisho zinasimamia mchezo wa kuteka bendera. Kila swali limeficha fungu la maneno, na anayelitatua hulipata, kama skauti anavyoteka bendera ya kikosi kingine porini. Mashindano ya namna hiyo yalikuwapo tangu miaka ya 1990 katika mikutano ya wadukuzi huko Las Vegas, lakini yalikuwa ya mabingwa. Hawa wa Pittsburgh walifanya mambo mawili ya akili. Kwanza waliyapanga maswali yaanze na yale ambayo mtoto asiyejua kitu anaweza kuyafanya kwa kalamu, yapande taratibu. Pili, mchezo mzima uliwekwa mtandaoni bure, unachezwa kwa kufungua ukurasa tu, bila kuweka programu maalumu katika mashine ya shule ambayo pengine mwalimu ameifungia. Mwaka ule wa kwanza timu karibu 2,000 zilishiriki.

Tena, na hili ndilo linalonigusa kama mwanasheria nusu wa ofisini, bendera ile huteki katika kompyuta ya mtu. Unaiteka katika uwanja uliojengwa kwa ajili yako, kwa ruhusa. Udadisi unapata mahali halali pa kuchezea. Chuo hicho kina tawi Kigali, Rwanda, na kupitia tawi hilo vijana wa Afrika wametengewa nafasi yao katika shindano. Kigali si mbali. Wapo wahitimu wa shule hii wanaofika huko kwa lori la mchele.

Na kwetu? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, kwa sababu zilikula fedha za kigeni na matunda yake hayakulingana na gharama. Sina haraka ya kuwacheka wazee wetu. Mashine za siku zile zilikuwa kubwa kama bweni, na mafundi wake walitoka ng'ambo. Baadaye masharti yalilegezwa. Lakini nadhani tulirithi tabia fulani ya kuiona kompyuta kama kitu cha kufungiwa ofisini, kikafunikwa kitambaa cha kufuma. Hivyo ndivyo nilivyoikuta ya Mwalimu Mkuu mwaka 1997, na sikuigusa kompyuta mpaka nilipofika Chuo Kikuu.

Ghafla kompyuta zikaja kwa mlango mwingine, yaani simu. Mwaka 2008 huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano wa baharini ukafika Dar es Salaam. Bibi ambaye hakuwahi kuingia benki akawa na benki kwenye fundo la khanga. Wezi nao hawakuchelewa. Ni nani kati yetu ambaye hajapata ujumbe wa kumwambia ile pesa aitume kwenye namba hii?

Nitasema la nyumbani kwangu. Shangazi yangu huko Singida aliuza alizeti yake, akawa na shilingi 180,000 katika simu. Siku hiyo hiyo alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni, akaambiwa kuna marekebisho, na kwamba atapokea namba ambayo lazima aisome. Shangazi hajui kusoma vizuri. Akampa simu mjukuu wake, kijana wa kidato cha nne katika shule ya kata, mwenye alama nzuri za Hisabati na Fizikia. Kijana akasoma namba ile kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, kwa heshima zote. Kisha akatajiwa aulize na namba ya siri ya bibi, akauliza, akaisoma. Pesa zote zikaondoka kabla chai haijapoa.

Sikumlaumu kijana. Kwa miaka minne tulimfundisha mengi, lakini hakuna aliyemwambia jambo ambalo lingechukua kipindi kimoja.

Mwezi Novemba mwaka jana nilichukua likizo ya siku mbili nikarudi shuleni kwa idhini ya Mwalimu Mkuu, ambaye napenda kumshukuru hapa. Nilipewa darasa la wanafunzi 31. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na haukutusumbua, kwani nilikuja na karatasi tu. Huko New Zealand walimu wa chuo kikuu, akiwamo Profesa Tim Bell, walianza tangu miaka ya 1990 kufundisha sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, bila mashine. Nikaona kama wao waliweza wakiwa nazo, sisi tutashindwaje tukiwa hatuna.

Tulianza na namba ya siri ya tarakimu nne. Niliwauliza ziko namba ngapi. Wakapiga hesabu: 10 mara 10 mara 10 mara 10, yaani 10,000. Kisha nikawauliza, mtu akitumia siku na mwezi wa kuzaliwa, zinabaki ngapi? Zinabaki 366. Mmoja akauliza kwa nini basi mwizi asizijaribu zote 366. Mwingine akamjibu kuwa simu hufunga baada ya kukosea mara chache. Ikawa kimya, halafu msichana mmoja kutoka shule ya kata ya jirani, ambayo tuliialika, akasema kuwa ndiyo sababu wanapiga simu kuuliza. Hilo sikuwa nimepanga kulisema mimi. Alilifikia mwenyewe kwa hesabu.

Kamati yetu inapendekeza kuwa mfuko wa mwaka huu ununue kompyuta 20. Sipingi kompyuta. Lakini tukumbuke zile kumi tulizochanga mwaka 2010: saba zilikufa ndani ya miaka minne, nyingine zikiwa bado na nailoni yake, kwa kuwa chumba kilikuwa na ufunguo na hakikuwa na mwalimu. Naomba tununue 12, na fedha za zile nane zigharimie walimu wawili kupata mafunzo wakati wa likizo, nauli zao, pamoja na kifurushi cha intaneti cha Jumamosi kwa mwaka mzima. Jumamosi hizo shule ya kata ije pia, wasichana kwa wavulana, maana wao hawana hata chumba cha kufungia. Barua ya pendekezo hili nimekwisha mpelekea Katibu, na naomba iingizwe katika ajenda kabla ya Mengineyo, kwa sababu sote tunajua saa ya Mengineyo watu huwa wanatafuta nyama.

Kijana wa tranka alikuwamo katika wale 31. Alikaa nyuma kabisa, na asubuhi nzima hakunyosha mkono. Mchana niliwagawia kikaratasi cha alama za siri, kwa mtindo ule ule wa mwaka 1997, mduara, msalaba na mkia wa panya. Yeye ndiye aliyemaliza wa kwanza. Nilipomuuliza ameanzia wapi, alisema mwisho wa maneno.

Wakati wa kuagana alinifuata akaniuliza, shikamoo, kama anaweza kuomba rasmi kulibadilisha neno la siri la ofisi. Nilimwambia aandike barua, aipitishe kwa mwalimu wa taaluma, na abaki na nakala. Wiki mbili baadaye nilimpigia simu Mwalimu Mkuu kwa shughuli nyingine, akanijulisha kuwa barua ilifika na neno limebadilishwa. Sikumuuliza limekuwa lipi.